Namna ya Kumtambua Ndege Usiyemzoea Kwenye Ufuo wa Maji Kupwa: Mwongozo kwa Watazamaji wa Ndege wa Dodoma na Singida

Kila mwaka, watu wa huku kati wanapoanza kushuka pwani kwa likizo, kwa semina au kwa harusi, maswali yale yale hurudi. Mmoja ameona Kunduchi ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na anaomba jina lake. Mwingine ana picha iliyopigwa kwa mbali, na anachokumbuka ni kwamba mdomo ulikuwa mrefu. Maswali haya ni ya haki kabisa, lakini mengi hayajibiki, kwa sababu aliyeuliza ameondoka ufuoni bila kuchukua zile alama tatu au nne ambazo zingetosha kumaliza jambo. Mwongozo huu umeandikwa ili nawe ukienda urudi na alama hizo.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba mazoea tuliyoyapata Bahi, Hombolo au kando ya Ziwa Kindai hayatoshi pwani. Kwenye maji yetu ya bara unaweza kukaa chini ya mti asubuhi nzima na ndege wakabaki pale pale. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na ndege hufuata maji. Uwanda wa matope na mchanga unaobaki wazi baada ya maji kupwa waweza kuwa na maelfu ya ndege saa hii, na saa tatu baadaye usiwe na hata mmoja, kwa kuwa wote wamejikusanya kwenye fungu dogo la mchanga wakisubiri. Asiyejua saa za maji hatatambua ndege wa pwani hata akiwa na darubini ya bei kubwa namna gani.

Kabla ya kuanza: wajue wa nyumbani

Ndege asiye wa kawaida hujulikana kwa kulinganishwa na wa kawaida. Kwa bahati njema, wengi wa ndege wa matopeni walioko pwani kati ya Septemba na Aprili hupita pia kwenye maji yetu, na hapa ndipo pa kujifunzia, maana wako karibu na hawasukumwi na bahari. Kabla hujakata tiketi, hakikisha unaweza kuwatambua hawa bila kufungua kitabu:

Kitwitwi mdogo kuliko wote, Calidris minuta, ana urefu wa sentimita 13 hivi, mdomo mfupi mweusi na miguu myeusi, naye hudonoa kwa haraka bila kupumzika. Actitis hypoleucos hutembea peke yake ukingoni akitikisa nyuma yake juu na chini, na weupe wa tumbo lake hupanda kama kabari mbele ya bawa. Tringa nebularia ni mrefu, ana miguu ya kijani iliyofifia na mdomo uliopinda juu kidogo, na akiruka hupiga mlio wa silabi tatu unaosikika mbali. Charadrius hiaticula ana mkanda mweusi kifuani na miguu ya rangi ya chungwa. Himantopus himantopus huwezi kumkosea kwa sababu ya miguu yake mirefu ya waridi. Wa mwisho ni shakwe wa maziwani, Chroicocephalus cirrocephalus, mwenye mdomo na miguu myekundu, na kichwa cha kijivu wakati wa kuzaliana.

Natumia majina ya kisayansi kwa makusudi. Majina kama kitwitwi, sululu, shakwe na buabua hutaja kundi zima, na jina la kijiji kimoja huweza kuwa la ndege mwingine katika kijiji cha jirani, ilhali kumbukumbu unazotaka ziaminiwe lazima zitaje aina moja tu.

Vitu vya kuwa navyo

Darubini ya mkono yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha. Ile ya mara 10 huona mbali zaidi, lakini mikono ikichoka hutikisika. Ikiwezekana, mwende kikundi na mchange au mwazime darubini moja kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu, maana pwani ndiyo mahali inapolipa gharama yake. Beba daftari na penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ukiloa chumvi, na kitambaa laini cha kufutia lenzi pamoja na maji kidogo yasiyo ya chumvi. Vaa viatu vinavyofungwa, visivyochomoka mguuni vikizama matopeni. Kandambili hazifai, na miguu mitupu haifai hata kidogo, kwa kuwa kuna magamba makali ya chaza, wanyama wenye miiba, na samaki aina ya taa ambaye hujifukia mchangani. Kofia, maji ya kunywa na nguo ya mikono mirefu ni vya lazima. Simu iwe na chaji, na kama unatumia Merlin, programu ya kutambua ndege, pakua orodha ya ndege wa eneo ukiwa bado nyumbani ili ifanye kazi bila intaneti.

Hatua kwa hatua

1. Panga safari yako kwa mwezi wa angani.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya kimo kati ya maji makuu na madogo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo. Kinachotusaidia sisi wapangaji wa safari ni kwamba siku za bamvua, katika pwani hii, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa kabisa karibu saa 10 alasiri, na kila siku inayofuata saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baada ya bamvua mpangilio unakuwa umegeuka, na maji hujaa wakati wa asubuhi.

Chagua bamvua. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kushuka jioni, akalala Dar es Salaam, na kesho yake akafika ufuoni saa 5 asubuhi akiwa amepumzika. Hata hivyo saa ulizozisoma hapa ni za kukadiria. Hakikisha kwa jedwali la maji la siku yenyewe, au muulize mvuvi yeyote, ambaye hatahitaji jedwali.

2. Jitambulishe kwa wenyeji na uliza njia.

Ufuo una watu wake: wavuvi, kina mama wanaochokoa chaza, watu wa mashamba ya chumvi, na mara nyingi kikundi cha BMU kinachosimamia rasilimali za eneo. Mtu mgeni mwenye darubini, anayetazama upande wa mashua za watu, huleta mashaka. Salimia, eleza unatafuta nini, na mwonyeshe mzee wa hapo picha ya ndege kitabuni. Atakuambia wapi matope hushika mguu, mkondo upi hujaa kwanza, na fungu lipi ndege hulala maji yakijaa. Ukikusudia kwenda visiwa vilivyo katika hifadhi ya bahari, kama Mbudya na Bongoyo au fungu la mchanga la Fungu Yasini, kuna ada ya kuingia ambayo hulipwa kabla.

Angalizo: maji hayarudi kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka baharini. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, huku mahali uliposimama pakiwa bado pakavu. Maji yakianza kugeuka, nawe geuka. Hakuna ndege anayestahili kukuweka katika hatari hiyo.

3. Simama mahali pazuri, kisha waache wao wakujie.

Wageni wengi hufanya kinyume: hutembea kuwafuata ndege kwenye ukingo wa maji yaliyopwa, kilomita nzima, na kila wakikaribia ndege huruka. Tafuta mahali imara karibu na mstari wa juu wa maji, keti au chuchumaa ili umbo lako lisisimame dhidi ya anga, na usubiri. Maji yakianza kupanda, uwanda hupungua, na ndege husogezwa hatua kwa hatua kuja upande wako. Siku za bamvua saa nzuri kuliko zote ni kati ya saa 7 mchana na saa 9 na nusu alasiri.

Kuna sababu ya pili ya kupendelea alasiri. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua hutoka baharini, kwa hiyo kila ndege aliye mbele yako ni kivuli cheusi juu ya maji yanayong'aa, na rangi ya miguu utakayoiandika itakuwa ya kubuni. Baada ya saa 8 mchana jua limehamia mgongoni kwako na kila unyoya unaonekana.

4. Taja wa kawaida wote kabla ya kumtafuta wa ajabu.

Pitisha darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ukimtaja kila ndege kwa jina. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, nami nasisitiza kwamba ndiyo iliyobeba kazi yote. Kwenye ufuo wa Tanzania katika msimu wa kaskazi utegemee kuwakuta sululu Numenius phaeopus, mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda chini na mistari kichwani. Pluvialis squatarola, mnene wa kijivu, asimamaye kimya kisha akakimbia hatua chache na kusimama tena. Calidris ferruginea, mwenye mdomo mwembamba uliopinda chini. Calidris alba, mweupe-kijivu, akimbiaye mbele ya wimbi. Arenaria interpres, mwenye miguu mifupi ya chungwa, agawaye muda wake katika kupindua mawe na mwani. Na Xenus cinereus, mwenye mdomo mrefu uliopinda juu na miguu mifupi ya manjano. Miongoni mwao kuna yangeyange, na hapa pana mtego kwa mtu wa bara: yangeyange wa pwani, Egretta dimorpha, ana umbo jeupe na umbo la kijivu kilichokolea. Yule mweusi-mweusi unayemwona akikimbiza samaki katika maji ya magotini si wa ajabu.

Ukishataja wote, aliyebaki bila jina ndiye unayemtafuta.

5. Usifungue kitabu. Andika kwanza.

Akili ya mtu ikishaona picha kitabuni huanza kuona kwenye ndege kile kilichomo kwenye picha. Kwa hiyo andika, kwa utaratibu huu, kabla ya kutafuta jina lolote:

Ukubwa, kwa kumlinganisha na ndege anayejulikana na kila mtu, aliyesimama karibu naye. Usiandike sentimita, andika "mrefu kuliko sululu aliye kushoto kwake, lakini mdomo mfupi".

Mdomo: urefu wake ukilinganishwa na urefu wa kichwa, unene wake mwanzoni na nchani, umenyooka au umepinda, na upande gani.

Mwendo na namna ya kula. Je, hudonoa kwa macho, huchoma mdomo matopeni kama sindano ya cherehani, hukimbia na kusimama, hufagia maji, au huelea angani kisha akajitupa?

Rangi ya miguu na mdomo. Angalia zaidi ya mara moja, kwa kuwa matope meusi ya mikoko huifunika miguu ya rangi yoyote, na mnyoo uliobanwa mdomoni huurefusha.

Manyoya: utosi, mstari wa juu ya jicho, kifua, mgongo, na kama ncha za mabawa zinaupita mkia ndege anapokuwa amesimama.

Saa, hali ya maji, upande wa jua na umbali. Haya manne husahaulika sana, nayo ndiyo atakayoyauliza kwanza mtu yeyote anayepima taarifa yako.

6. Piga picha nyingi mbaya.

Picha moja nzuri ya ndege aliyesimama kwa ubavu husaidia kidogo kuliko picha kumi zenye ukungu zinazomwonyesha akigeuka, akinyoosha bawa na akiruka. Ikiwa mna darubini kubwa, weka kamera ya simu kwenye lenzi ya macho, funga mkono wako mmoja kuizunguka kuzuia mwanga, na uchukue video. Baadaye utaisimamisha pale bawa lilipofunguka. Hakikisha picha moja angalau ina ndege mwingine wa kawaida pembeni, kwa ajili ya kupima ukubwa.

7. Subiri aruke mwenyewe.

Ndege wengi wa matopeni hufanana wakiwa wamesimama na huachana kabisa wakiruka. Pluvialis squatarola ana weusi kwenye kwapa, na hakuna ndege mwingine wa jamii yake mwenye alama hiyo. Calidris ferruginea huonyesha kiuno cheupe. Xenus cinereus ana ukingo mpana mweupe nyuma ya bawa. Sikiliza pia: sululu Numenius phaeopus hutoa mlolongo wa miluzi ya haraka, kama saba, yenye sauti ya kiwango kimoja.

Angalizo: usimrushe. Vitwitwi walioko kwetu mwezi Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari. Calidris ferruginea anakwenda kuzaliana Aktiki ya Siberia, na kila mara anaporushwa kwa ajili ya picha anachoma akiba ambayo atakosa muda wa kuirudisha. Kundi lililolala kwenye fungu wakati wa maji makuu ndilo la kuheshimiwa zaidi. Subira ya nusu saa kwa kawaida hulipwa, kwa kuwa mwewe au mashua itapita na wataruka bila wewe.

8. Sasa punguza, kuanzia jamii hadi aina.

Uliza kwanza ni wa jamii gani: mtembea matopeni, shakwe, buabua, au ndege wa bahari kuu. Ukikosea hapa hutafika popote. Nitaeleza kwa mifano, maana ndipo maswali mengi yanapoangukia.

Yule "mweupe mwenye mgongo mweusi" wa Kunduchi, Mafia au delta ya Rufiji, mwenye miguu mirefu ya kijivu-buluu na mdomo mnene mweusi wenye nguvu, akinyatia kaa kisha akamkimbilia, ni Dromas ardeola. Ana urefu wa sentimita 40 hivi. Yuko peke yake katika familia yake, na huzaliana kaskazini, kwenye pwani za Bahari ya Arabia na Ghuba ya Uajemi, akitaga ndani ya shimo analochimba mchangani, jambo ambalo hakuna mtembea matopeni mwingine alifanyalo. Mtu wa Dodoma akimwona mara ya kwanza humwona wa ajabu mno, na kweli ni wa ajabu kwa maumbile, lakini kwa mahali ni mwenyeji wa msimu. Mtoto wake ana mgongo wa kijivu badala ya mweusi, na mara nyingi humfuata mzazi akilia aombe chakula miezi mingi baada ya kufika kwetu. Huyo mtoto ndiye anayewachanganya watu.

Buabua ni ndege weupe, wembamba, wenye mabawa yaliyochongoka, na wengi hutenganishwa kwa mdomo. Mkubwa mwenye mdomo mrefu wa manjano ya kijani kibichi ni Thalasseus bergii. Mdogo wake, mwenye mdomo wa chungwa, ni Thalasseus bengalensis. Mkubwa kuliko wote, karibu na ukubwa wa shakwe, mwenye mdomo mnene mwekundu, ni Hydroprogne caspia. Mwenye mdomo mfupi, mnene na mweusi wote, ambaye pia huonekana kwenye maji ya bara, ni Gelochelidon nilotica. Wasimamapo pamoja kwenye fungu, upangaji huu huchukua dakika tano. Kumbuka tu kwamba nje ya msimu wa kuzaliana paji la uso huwa jeupe na kofia nyeusi hurudi nyuma ya kichwa. Hilo halimfanyi kuwa aina nyingine.

Mashakwe ni kazi ngumu zaidi, nami huwashauri wanaoanza wawaache mpaka wawe wamezoea. Yule wa kahawia iliyoiva anayezunguka mashua za wavuvi ni Ichthyaetus hemprichii. Ana kofia ya kahawia, mdomo mzito wa manjano-kijani wenye mkanda mweusi na ncha nyekundu. Mara kwa mara mtu hutangaza kwamba ameona Ichthyaetus leucophthalmus, ambaye makao yake ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Huyo akija kwetu ni habari kubwa. Ili uaminiwe, unapaswa kuonyesha mdomo mwembamba, mwekundu uliokolea wenye ncha nyeusi, kofia nyeusi kabisa, na alama mbili nyeupe zinazong'aa, zenye umbo la mwezi mwandamo, moja juu na moja chini ya jicho. Kwa ndege mchanga, angalia mdomo: hemprichii mchanga ana mdomo wa kijivu wenye ncha nyeusi, na leucophthalmus mchanga ana mdomo mweusi wote. Bila mdomo kuonekana vizuri, andika hemprichii au andika shakwe tu.

Kundi la mwisho ni wa bahari kuu. Kwenye kisiwa kidogo cha Fungu Kizimkazi, mashariki ya Dar es Salaam, huzaliana Sula dactylatra, ndege mkubwa mweupe mwenye ukingo mweusi wa mabawa na uso mweusi, pamoja na Onychoprion fuscatus, aliye mweusi juu na mweupe chini, na Anous stolidus, wa kahawia nzima mwenye utosi uliofifia. Hawana shughuli kwenye matope. Ukimkuta mmoja wao ufuoni, yaelekea amechoka, ameugua, au ameletwa na upepo, na siku zinazofuata dhoruba, kama kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ndizo za kupita ufuoni kwa makini.

9. Jiulize umri na mwezi kabla ya kutamka jina adimu.

Aina kubwa za shakwe huchukua takriban miaka minne kufikia manyoya ya utu uzima, na kila mwaka hubadilika. Vitwitwi wa kijivu wa Januari huanza kuwa wekundu wa matofali mwezi Aprili, wakiwa na mabaka nusu kwa nusu, na kila Aprili huniletea picha za "ndege mpya" ambaye ni Calidris ferruginea anayevaa nguo za harusi. Manyoya huchakaa na kupaushwa na jua, na baadhi ya ndege huzaliwa na mabaka meupe yasiyo ya aina yao. Ndege wa kawaida mwenye sura isiyo ya kawaida ni wengi kuliko ndege adimu. Anza na dhana hiyo, na uiache pale tu ushahidi unapoikataa.

10. Toa taarifa.

Weka orodha yako yote kwenye eBird, tovuti ya kukusanya kumbukumbu za ndege, pamoja na wale wa kawaida na idadi yao, au uipeleke kwa Tanzania Bird Atlas, mradi wa ramani za ndege wa nchi. Shirika la uhifadhi la Nature Tanzania pia huwaunganisha watazamaji. Kwa ndege adimu ambatanisha maandishi uliyoyafanya ufuoni bila kuyasafisha; maandishi yaliyoandikwa kabla ya kufungua kitabu yana uzito ambao kumbukumbu za baadaye hazina.

Mambo yakikwama

Ndege hafanani na picha yoyote kitabuni. Rudi kwenye jamii. Mara nyingi mtu amekuwa akimtafuta kitwitwi miongoni mwa wenye midomo mirefu ilhali mdomo wenyewe ni wa wastani, ulioonekana mrefu kwa sababu ndege alikuwa ameinama.

Joto linatikisa picha yote. Darubini kubwa haisaidii, kwa kuwa inakuza mtetemo pamoja na ndege. Punguza ukuzaji, tazama juu ya maji badala ya mchanga mkavu, au subiri jua lishuke.

Programu ya simu imetaja ndege wa Australia. Kagua kama tarehe na mahali vimewekwa sawasawa, kisha uipe picha nyingine. Jibu la programu ni pendekezo la kuchunguza. Uamuzi ni wako na alama ulizoandika.

Wenzako wawili wamekubaliana na mmoja anakataa. Mwulize anayekataa ameona nini, kabla ya kumpigia kura. Kama hoja yake ni alama iliyoonekana, kama vile rangi ya kiuno, basi suala halijaisha.

Ndege ana pete au kibendera mguuni. Andika rangi, mguu wa kulia au kushoto, juu au chini ya goti, na herufi zote unazoweza kuzisoma, kisha tuma taarifa pamoja na picha. Kwa kibendera kimoja inawezekana kujua ndege huyo alikamatwa nchi gani na mwaka gani.

Ndege amekufa au hawezi kuruka. Usimshike kwa mikono mitupu, wala usimbebe kwenye mfuko wa chakula, kwa sababu mafua ya ndege hupita kati ya ndege wa maji. Mpige picha juu, chini na bawa likiwa limenyooshwa kwa kijiti. Ukiona wengi wamekufa mahali pamoja, mjulishe ofisa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.

Hukufika pwani kabisa, lakini umemwona ndege wa pwani Bahi au Singida. Hii hutokea, hasa Septemba hadi Novemba wakati wahamaji wanashuka, na tena baada ya dhoruba. Fahamu kwamba uadimu umegeuka: Arenaria interpres, ambaye pwani hutamtazama mara mbili, ni ndege wa kuandikwa kwa makini akionekana Bahi, na Dromas ardeola kando ya Ziwa Singida angewatoa watazamaji Arusha. Fuata hatua ya 5 hadi ya 7 pale pale, piga picha moja inayoonyesha ukingo wa ziwa na mandhari ya nyuma ili mahali pasibishiwe, na uwaite wenzako jioni hiyo hiyo, kwa sababu ndege mgeni kwenye maji ya bara mara nyingi hula, hupumzika, na kuondoka usiku.